Medali 11 za Paris zisitufumbe macho

Kikosi cha Kenya kilirejea kutoka Michezo ya Olimpiki ya Paris mnamo Agosti 2024 kikiwa na medali 11: nne za dhahabu, mbili za fedha na tano za shaba. Kenya ilimaliza katika nafasi ya 17 duniani na ya kwanza barani Afrika. Miaka mitatu awali, jijini Tokyo, ilikuwa imevuna medali 10 na kushika nafasi ya 19. Kwa anayelitazama jedwali na kulifunga papo hapo, hakuna la kulalamikia.

Walakini jedwali la medali lina tabia moja mbaya. Huonyesha kiasi cha mavuno bila kusema yametoka shamba gani. Ukiyachambua mavuno ya Paris, utakuta kwamba medali zote 11 zilitoka katika mchezo mmoja, riadha. Na ndani ya riadha yenyewe, zote zilitoka katika mbio za kuanzia mita 800 hadi marathoni. Hakuna iliyotoka katika mbio fupi, kuruka wala kurusha. Hakuna iliyotoka ulingoni, majini wala katika mpira wa aina yoyote. Kenya ilipeleka Paris wanamichezo wa fani sita, na tano kati ya hizo zilirudi mikono mitupu.

Si kwamba wanamichezo hao walizembea. Chukua mfano wa timu ya raga ya wachezaji saba kila upande, Shujaa. Mnamo Septemba 2023, jijini Harare, Shujaa waliilaza Afrika Kusini katika fainali ya Afrika na kujikatia tiketi ya Paris. Waafrika Kusini walilazimika kuzunguka njia ndefu na kuipata nafasi yao katika mchujo wa mwisho, wiki chache kabla ya Olimpiki. Lakini mashindano yenyewe yalipokwisha, walioshindwa Harare walikuwa wamevaa shaba shingoni, nao walioshinda walikuwa wa tisa. Sababu haiko mbali. Kenya ilikuwa imeteremshwa daraja kutoka msururu wa dunia katika mwaka huo huo wa 2023, ikautumia msimu mzima kabla ya Paris ikicheza na timu za daraja la pili ili ipate kupanda tena. Huwezi kujinoa kwa jiwe laini kisha ukatarajia kukata chuma.

Malkia Strikers nao walifika Paris wakiwa mabingwa wa Afrika wa voliboli ya wanawake. Walipangwa kundi moja na Brazil, Poland na Japan, wakapoteza mechi zote tatu bila kushinda hata seti moja. Hiyo ilikuwa Olimpiki yao ya nne, baada ya Sydney 2000, Athens 2004 na Tokyo, na hadi leo hawajaonja ushindi katika michezo hiyo. Katika mchezo wa vitara, Alexandra Ndolo aliweka historia kwa kuwa Mkenya wa kwanza kushiriki, lakini tusijidanganye: alizaliwa na kulelewa Ujerumani, akafunzwa huko, na kuishindia nchi hiyo medali ya fedha ya dunia mwaka 2022 kabla ya kuamua kuiwakilisha nchi ya baba yake. Tumshukuru kwa mapenzi yake. Ujuzi wake hatukuupanda sisi.

Hata ndani ya riadha, waliojaribu kufungua milango mingine walibaki wapweke. Ferdinand Omanyala, anayeshikilia rekodi ya Afrika ya mita 100 ya sekunde 9.77 aliyoiweka Kasarani mwaka 2021, aliishia nusu fainali. Julius Yego alirusha mkuki umbali wa mita 87.72 na kumaliza wa tano akiwa na umri wa miaka 35. Yego ndiye yule aliyejifunza mengi ya mchezo wake kwa kutazama video kwenye intaneti, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 na kutwaa fedha ya Olimpiki mwaka 2016. Nchi nyingine ingeyachukua mafanikio kama hayo na kuyajengea shule ya kurusha mkuki. Sisi tulimpigia makofi, tukamwacha aendelee peke yake, na sasa ni vigumu kumtajia msomaji jina la mrithi wake.

Kuna wanaosema kwamba haya ndiyo maumbile yetu, kwamba Mungu alitupa pumzi ya mbio ndefu na hatuna budi kuridhika nayo. Historia yetu wenyewe inawakanusha.

Mwaka 1972, jijini Munich, Kenya ilipata medali tisa. Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji pamoja na fedha ya mita 1,500, Ben Jipcho akapata fedha nyuma yake katika viunzi na maji, naye Mike Boit akapata shaba ya mita 800. Hizo ni nne. Tano zilizosalia zilitoka kwingine. Julius Sang alipata shaba ya mita 400, kisha akaungana na Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko kutwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 kwa wanne. Na ulingoni, Philip Waruinge alipata fedha, huku Dick Murunga na Samuel Mbugua wakipata shaba. Yaani zaidi ya nusu ya medali za Munich zilitoka katika fani ambazo Paris hazikutupa hata moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo, timu yetu ya mpira wa magongo ilikuwa imemaliza ya nne katika Kombe la Dunia kule Barcelona. Vijana wengi wa leo hawajui hata kwamba Kenya iliwahi kucheza Kombe la Dunia la mchezo huo.

Ndondi ndizo zinazouma zaidi. Kati ya mwaka 1968 na 1988, mabondia wa Kenya walileta nyumbani medali saba za Olimpiki. Waruinge alianza kwa shaba kule Mexico, wakafuata wale wa Munich, Ibrahim Bilali akapata shaba Los Angeles mwaka 1984, na Seoul mwaka 1988 Chris Sande akaongeza shaba nyingine. Katika michezo hiyo hiyo ya Seoul, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welter na kutwaa dhahabu. Wangila alifariki mwaka 1994 baada ya pigano la kulipwa kule Las Vegas. Hadi leo yeye ndiye Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha, na tangu usiku ule wa Seoul hakuna Mkenya aliyepata medali ya rangi yoyote katika mchezo mwingine. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo alikuwa akikaribia miaka 36 wakati wa Paris.

Tokyo tulipeleka mabondia wanne. Wote walitolewa katika pigano la kwanza. Paris hatukupeleka hata mmoja kwa sababu hakuna aliyefuzu.

Mabondia hawakutoweka kwa sababu damu ya Mkenya imebadilika. Kizazi cha Waruinge na Wangila kilikuwa na mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Kijana wa Kaloleni, Muthurwa au Nakuru alijifunza kutupa makonde katika ukumbi wa mtaa uliokuwa mali ya baraza la mji. Akionyesha umahiri, alichukuliwa na timu ya polisi, jeshi, magereza au mojawapo ya mashirika ya umma kama vile reli na posta, akapewa kazi na mshahara, akapigana ligi mwaka mzima. Miaka ya tisini ilipofika, mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi au yakauzwa, na jambo la kwanza kukatwa lilikuwa michezo. Kumbi nyingi za mitaa ziliachwa zichakae. Viongozi wa chama nao, badala ya kuokoa kilichosalia, walishughulika kugombea viti. Vikosi vya usalama pekee ndivyo vilivyobaki na timu za maana, na bondia asiyekuwa askari akawa hana pa kwenda.

Riadha ilinusurika mkasa huo kwa sababu ngazi yake haikuvunjwa. Hebu tuwatazame washindi wa dhahabu wa Paris. Faith Kipyegon alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi katika mita 1,500 mwaka 2012. Beatrice Chebet alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi katika mita 5,000 mwaka 2018. Emmanuel Wanyonyi, aliyekulia Trans Nzoia akichunga ng'ombe, alitwaa ubingwa wa dunia wa chipukizi wa mita 800 papa hapa Kasarani mnamo Agosti 2021, na miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 20, akamshinda Marco Arop wa Canada kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Wote walipanda daraja kwa daraja: mashindano ya shule, mchujo wa mikoa, mashindano ya nyika, timu ya chipukizi, kisha timu ya taifa. Kipyegon na Chebet ni maafisa wa polisi, kwa hivyo wana mshahara hata msimu ambao jeraha limewalaza. Hayo ndiyo malezi ya bingwa.

Kuna dalili, hata hivyo, kwamba ngazi hiyo nayo imeanza kulegea upande mmoja. Mwaka 2008 jijini Beijing, wanaume wa Kenya walipata dhahabu nne. London 2012 walipata mbili, Rio 2016 tatu, Tokyo mbili, na Paris moja tu, ile ya Wanyonyi. Mbio za mita 800 ndizo ngome pekee iliyosimama imara; tangu Wilfred Bungei mwaka 2008 hakuna mwanamume wa taifa jingine aliyezishinda katika Olimpiki. Kwingineko ngome zimeangushwa. Kuruka viunzi na maji, fani tuliyoishinda mara tisa mfululizo tangu 1984 hadi 2016, sasa ni mali ya Soufiane El Bakkali wa Morocco, aliyeshinda Tokyo na akarudia Paris. Sisi tuliridhika na shaba ya Abraham Kibiwot. Katika mita 1,500 dhahabu yetu ya mwisho ni ya Asbel Kiprop mwaka 2008. Ronald Kwemoi alipigana kiume na kupata fedha ya mita 5,000, lakini dhahabu ya fani hiyo hatujaiona tangu John Ngugi mwaka 1988. Katika mita 10,000 hatuna dhahabu tangu Naftali Temu mwaka 1968, na aliyeshinda Paris ni jirani yetu Joshua Cheptegei wa Uganda, anayefanyia mazoezi yake katika nyanda za juu kama hizi zetu.

Marathoni ilikuwa na msiba wake. Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, alifariki katika ajali ya barabarani mnamo Februari 2024. Eliud Kipchoge, bingwa wa Rio na Tokyo, alishindwa kumaliza mbio. Benson Kipruto akaokoa shaba nyuma ya Mwethiopia Tamirat Tola aliyeshinda.

Waliotuondolea aibu ni wanawake. Kati ya medali 11 za Paris, saba ni zao, na kati ya dhahabu nne, tatu ni zao. Chebet alishinda mita 5,000 na mita 10,000. Hakuna Mkenya mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kutwaa dhahabu mbili katika Olimpiki moja, na dhahabu ya mita 10,000 ilikuwa ya kwanza kwa mwanamke wa Kenya. Kipyegon alishinda mita 1,500 kwa mara ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya, juu ya fedha ya mita 5,000 aliyonyang'anywa na waamuzi kisha akarudishiwa baada ya rufaa. Mary Moraa, Faith Cherotich na Hellen Obiri wakaongeza shaba tatu. Mwenendo huo haukukomea Paris. Katika riadha ya dunia iliyofanyika Tokyo mnamo Septemba 2025, Kenya ilimaliza ya pili nyuma ya Marekani kwa dhahabu saba. Sita kati ya hizo zilikuwa za wanawake, ambao walishinda kila mbio kuanzia mita 800 hadi marathoni.

Ikumbukwe kwamba Kenya ilianza kushiriki Olimpiki mwaka 1956, na ilipata medali yake ya kwanza mwaka 1964 kupitia Wilson Kiprugut. Medali ya kwanza ya mwanamke haikupatikana hadi mwaka 1996, Pauline Konga alipotwaa fedha ya mita 5,000 kule Atlanta. Dhahabu ya kwanza ilingoja hadi 2008, Pamela Jelimo akiwa na umri wa miaka 18. Zamani hizo walikuwapo wataalamu waliosema kwamba msichana wa Kenya akishaolewa mbio zake zimekwisha, na kwamba hapakuwa na la kufanya. Kilichobadilika si maumbile. Wasichana walifunguliwa kambi za mazoezi Iten na kwingineko, vikosi vya usalama vikawaajiri, Tegla Loroupe na Catherine Ndereba wakawaonyesha kwamba riadha inaweza kulisha familia, na mama akakubaliwa kurudi uwanjani baada ya kujifungua, kama alivyofanya Kipyegon mwenyewe. Ilichukua miaka ishirini na kitu. Lakini ni ithibati kwamba mlango uliofungwa unaweza kufunguliwa hapa kwetu, kwa rasilimali zetu.

Kwa nini haya yatukereketa, ilhali medali zinaendelea kuja? Turudi nyuma hadi Novemba 2022. Wakati huo orodha ya wanariadha wa Kenya waliopigwa marufuku kwa kutumia dawa za kusisimua misuli ilikuwa imerefuka kiasi cha kuzua hofu kwamba Shirikisho la Riadha Duniani lingeisimamisha Kenya nzima, kama lilivyoifanyia Urusi. Serikali iliahidi dola milioni 25 za Marekani kwa muda wa miaka mitano ili kupambana na uovu huo, na adhabu ikaepukwa. Hatari haikwisha; mnamo Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2:10, alifungiwa miaka mitatu.

Sasa tufanye hesabu ambayo hakuna kiongozi wa michezo anayependa kuifanya. Lau adhabu ile ya 2022 ingalitolewa na kudumu hadi Paris, medali zetu zingekuwa ngapi? Si kumi, si tano. Sufuri. Taifa lililokuwa la kwanza barani lingalirudi nyumbani likiwa sawa na nchi isiyojua kufunga kamba za viatu vya mbio, kwa kuwa hatukuwa na bondia, mwogeleaji wala timu ya mpira ya kutuokoa.

Waathiriwa wa hali hii si viongozi. Ni yule kijana wa Kisumu, Mombasa au Garissa mwenye mikono mirefu na kasi ya miguu, asiyeishi katika nyanda za juu wala kuwa na pumzi ya mita 10,000. Kwa mpangilio tulio nao, kijana huyo hana ngazi ya kumfikisha kwenye bendera ya taifa. Serikali huwatuza washindi wanaporudi na medali, na ni haki yao. Lakini tuzo ya uwanja wa ndege humfikia aliyekwisha kufika. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii iliundwa ili kodi ya michezo ya kubahatisha irudi viwanjani. Sehemu kubwa ya fedha ambazo zimezungumziwa hadharani imekuwa ya safari, marupurupu na viwanja vikubwa. Ukumbi mdogo wa ndondi wenye ulingo, mifuko ya kupigia na mkufunzi mmoja mwenye mshahara haugharimu hata sehemu ndogo ya paa la uwanja wa kimataifa.

Wakati wenyewe haujapita. Mnamo Machi 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba ndondi, zilizokuwa zimetiliwa shaka, zitakuwamo Los Angeles mwaka 2028. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow ya mwaka 2026 imepunguzwa hadi fani 10. Raga haimo, ndondi zimo. Bondia wa Kenya atakayekuwa na miaka 20 kule Los Angeles alikuwa na miaka 16 wakati Wanyonyi akivuka utepe wa Paris. Wanyonyi alipokuwa na umri wa miaka 17 alikuwa amekwisha kukimbia mashindano ya dunia ya vijana katika jiji kuu la nchi yake, mbele ya wakufunzi waliojua jina lake. Chama cha ndondi, wizara na kamati ya Olimpiki ya Kenya wangetufaa sana wakituambia bondia huyo yuko ukumbi gani, anafunzwa na nani, na pigano lake lijalo ni lini.